HAKEEM NA GIANNIS, NANI MKALI? REFA NI BI MKUBWA!

Mimi mwenzio wiki hii sauti imenikauka, na wala si mafua. Ni ubishi! Ubishi wenyewe haukuwa wa Simba na Yanga, wala wa nani kamchukulia nani mchumba. Ulikuwa wa mpira wa kikapu, na ulianzia nyumbani kwetu, mkekani, Jumapili mchana, wali ukiwa bado unafuka moshi.

Basi bwana, ngoja nikupe mkasa tangu mwanzo.

Ninaye mdogo wangu, kitinda mimba wa kwetu. Tunamwita Dogo, ingawa siku hizi akiingia mlangoni inabidi ainame. Ana miaka 17, yuko kidato cha nne, na miguu yake hiyo, kumtafutia viatu mitumbani ni kazi ya kutwa nzima. Tangu alipoanza kidato cha tatu amezimia kikapu kupita kiasi. Usingizini anaita pasi!

Sasa kuna klabu moja ya hapa mjini, jina naliweka kapuni, imemwona. Kocha kamwambia aje kambini wiki mbili, akifanya vizuri anasajiliwa. Zali la mentali, si ndiyo? Tatizo ni kwamba wiki mbili hizo ndizo hizo hizo za mtihani wa moko.

Dogo hakuzunguka mbuyu. Katikati ya chakula akasema, "Mama, mimi naenda kambini. Giannis angekuwa anangoja mitihani, mpaka leo angekuwa anauza miwani barabarani."

Bi mkubwa akasimamisha tonge. "Giannis ndiyo mtoto wa nani hapa mtaani?"

Kabla Dogo hajajibu, Anko akadakia. Huyu Anko ni mdogo wake bi mkubwa, kijana wa miaka ya tisini, wa enzi za kugombea kanda za video za NBA mpaka picha inakuwa chengachenga. Akasema, "Huyo Giannis wako kwa Hakeem Olajuwon hafui dafu. Na Hakeem alisoma!"

Weee! Ikawa kama kumwagia petroli moto. Dogo huku, Anko kule, wali unapoa. Mwisho bi mkubwa akanigeukia mimi. "Wewe si ndiye unayeandika magazetini? Haya, nenda kawatafute hao watu wawili, Jumapili ijayo utuambie nani zaidi. Mimi ndiye nitakayepuliza filimbi."

Nikakubali. Nimekula bando la wiki nzima kutazama mechi za zamani na za sasa, macho mekundu kama nimekata vitunguu. Hiki hapa ndicho nilichowaletea.

HAKEEM, MTOTO WA LAGOS

Hakeem Olajuwon alizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1963. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara wa saruji, hivyo kwao njaa haikupiga hodi, ila nidhamu ilikuwa ya fimbo mkononi. Alianza kama golikipa wa soka, tena akicheza na mpira wa mikono. Kikapu hakukishika mpaka alipokuwa kijana wa sekondari. Ndiyo maana miguu yake ilikuwa myepesi vile: futi 7 nzima, lakini anageuka kama winga.

Mwaka 1980 akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Houston. Usifikiri alipokewa na matarumbeta. Alipofika uwanja wa ndege na kupiga simu, kocha alimwambia achukue teksi aje mwenyewe! Mtu hawajamwona anacheza, nani atapoteza mafuta? Mwaka wa kwanza hata mechi hawakumpanga. Ila likizo za kiangazi alikuwa akifanya mazoezi na Moses Malone, senta wa Houston Rockets, mtu mzima aliyekuwa akimgonga viwiko bila huruma. Hapo ndipo chuma kilipofuliwa.

Miaka minne baadaye, 1984, ndiye aliyechaguliwa wa kwanza kabisa kuingia NBA. Wa tatu alikuwa kijana mmoja anaitwa Michael Jordan. Umenisoma hapo?

Mwaka 1994 akaipa Rockets ubingwa. Mwaka huo huo akawa mchezaji bora wa msimu, mlinzi bora na mchezaji bora wa fainali. Zote tatu kwa msimu mmoja, na hadi leo hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Mwaka 1995 akarudia ubingwa. Februari ile ilikuwa mwezi wa Ramadhani, naye akawa anacheza amefunga, bila tone la maji, na bado akatangazwa mchezaji bora wa mwezi! Sisi hapa saa tisa tu tushakaa vibarazani tunahesabu dakika.

NA HUYU GIANNIS?

Giannis Antetokounmpo naye damu yake ni ya Nigeria, lakini alizaliwa Athens, Ugiriki, mwaka 1994, mwaka ule ule Hakeem alipokuwa anabeba kombe la kwanza. Baba yake Charles na mama yake Veronica walikuwa wahamiaji wasio na karatasi. Kazi za kuokoteza, kodi ya nyumba roho juu. Giannis na kaka yake Thanasis walikuwa wakizunguka barabarani kuuza miwani, saa na mikoba. Kuna wakati walikuwa wakipeana zamu ya viatu vya mazoezi, mmoja akitoka uwanjani mwenzake anavaa.

Kazaliwa Ugiriki, kasoma Ugiriki, lakini uraia hana! Alikuja kuupata mwaka 2013, majuma machache tu kabla ya kuchaguliwa kwenda NBA. Hata jina wakalipindapinda. Jina la ukoo lilikuwa Adetokunbo, Kiyoruba hicho, maana yake taji lililorudi kutoka ng'ambo. Wagiriki wakaliandika kwa herufi zao, likatoka hilo refu ambalo watangazaji walikuwa wakijing'ata nalo ulimi. Mwenzake naye yalimkuta. Miaka mingi Wamarekani waliandika Akeem, mpaka mwaka 1991 alipoirudisha H yake.

Milwaukee Bucks walimchukua Giannis akiwa wa 15. Mwembamba kama mwanzi, miaka 18. Walioshangilia hawakuwa wengi. Mwaka 2019 akawa mchezaji bora wa msimu, na 2020 tena, huku akichukua na ulinzi bora. Kuwa mchezaji bora na mlinzi bora msimu mmoja wamewahi watu watatu tu: Jordan 1988, Hakeem 1994 na huyu muuza miwani 2020.

Halafu ikaja Julai 2021. Fainali na Phoenix Suns, mechi ya sita, akafunga pointi 50 peke yake. Bucks wakashinda 105 kwa 98 na kubeba kombe walilolisubiri miaka 50. Na mitupo huru, ambayo ndiyo ilikuwa aibu yake, mpaka mashabiki wa timu pinzani wakawa wanamhesabia sekunde kwa sauti kama watoto wa chekechea, siku hiyo aliingiza 17 kati ya 19!

TUWAPANDISHE MIZANI

Haya, sasa tuache mapenzi, tuhesabu. Ubingwa: Hakeem mara mbili, Giannis mara moja. Mchezaji bora wa msimu: Giannis mara mbili, Hakeem mara moja. Mlinzi bora: Hakeem mara mbili, Giannis mara moja. Pointi: Hakeem alistaafu na 26,946. Giannis alivuka 20,000 Machi 2025 akiwa na miaka 30 tu, kwa hiyo hapo tumpe muda. Ila kwa kuzuia mipira hewani, Hakeem ana 3,830, na hakuna binadamu aliyemfikia tangu NBA waanze kuhesabu kitu hicho mwaka 1973.

Namba zikashindwa kuamua. Nikaenda kwenye staili.

Giannis ni mbio na nguvu. Anachukua mpira katikati ya uwanja, hatua mbili, tatu, ushasikia ringi inalia. Ukimsimamia mbele ni sawa na kulisimamia daladala lililokatika breki. Lakini mfungie njia, mlazimishe apige kutoka mbali, utamwona anaanza kuwaza.

Hakeem alikuwa mtu wa ujanja. Anapokea mpira akiwa amelipa goli mgongo. Bega linakwenda kushoto, wewe unakwenda kushoto. Kumbe yeye yuko kulia. Unarudi kulia, keshageuka tena, na wewe uko hewani peke yako kama nguo kwenye kamba. Mwaka 1995 David Robinson wa San Antonio ndiye aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa msimu. Wakakutana kwenye nusu fainali, na Hakeem akamchezesha ngoma hiyo mechi sita mpaka nikamwonea huruma, na mimi nilikuwa sijazaliwa! Fainali akakutana na Shaquille O'Neal, lile jitu la Orlando. Nne kwa bila.

Hapa Dogo akachomekea. "Kaka, hizo pete alizipata kwa sababu Jordan alikuwa kaenda kucheza besiboli!"

Nusu kweli, nusu porojo. Mwaka 1994 kweli Jordan hakuwepo. Lakini Machi 1995 alikuwa ameshavaa jezi tena, akatolewa na Orlando, na Orlando hao hao ndio waliochapwa na Hakeem. Na kama ni visingizio, hata Giannis anavyo. Mwaka 2021 alipita kwa Brooklyn waliokuwa na majeruhi, na mechi ya saba Kevin Durant alipiga mtupo ambao ungewamaliza Bucks, ila ncha ya kiatu ikawa imekanyaga mstari. Inchi chache tu, leo tungekuwa na hadithi nyingine. Bingwa yeyote ukimchunguza utamkuta na bahati yake mfukoni. Suala ni je, bahati ilipokuja ilimkuta yuko macho?

Na wote wawili iliwakuta macho. Mwaka 1994, mechi ya sita, Rockets wanaongoza 86 kwa 84, sekunde zinakwisha. John Starks wa New York anarusha mpira wa pointi tatu, ukiingia tu kombe ni lao. Hakeem akanyoosha mkono, ncha za vidole zikaugusa. Kwisha! Mechi ya saba wakamaliza kazi. Mwaka 2021, mechi ya nne, Deandre Ayton wa Phoenix anaruka kudanki, Bucks wako mbele kwa pointi mbili tu. Giannis anatoka upande mwingine, anarudi nyuma, anapaa na kuukomea mpira juu kabisa. Na hapo ilikuwa haijatimia hata wiki ya tatu tangu goti lake lipinde kinyumenyume kwenye mechi na Atlanta, watu wakadhani msimu wake umekwisha.

HUKUMU YANGU

Jumapili ikafika. Mkeka ule ule. Nikakohoa kidogo kama hakimu.

Nikasema, kwa ufundi wa kikapu, Hakeem. Giannis ana tisa, Hakeem ana kumi. Ulinzi wake hauna mfano, na silaha zake haziwezi kufungiwa njia, kwa sababu njia anaichagua yeye wakati wewe ushahama. Tena alishinda fainali mbili enzi ambazo kila timu ilikuwa na jitu lake katikati.

Anko akarusha kofia juu. "Nilisema mimi!" Dogo akanuna, mdomo ukaja mbele kama birika.

Nikamwambia Anko atulie, kesi haijaisha. Maana sote pale mkekani tulijua hatukuwa tunamzungumzia Hakeem wala Giannis. Tulikuwa tunazungumzia moko.

Anko akaishika hapo hapo. "Hakeem alipitia chuo. Hata Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alipitia Chuo Kikuu cha Connecticut misimu mitatu kabla hajachaguliwa wa pili mwaka 2009. Shule kwanza!"

Dogo naye, "Giannis hakupitia chuo chochote!"

Kweli, hakupitia. Lakini nikamwambia, mdogo wangu, sikiliza vizuri. Giannis akiwa na umri wako hakuwa anachagua kati ya kambi na mtihani. Alikuwa anachagua kati ya kuuza miwani na kulala njaa. Hana karatasi, hana uraia, mpira ulikuwa mlango pekee ulioachwa wazi. Wewe una cheti cha kuzaliwa, una sare, una ada iliyolipwa. Na ada hiyo imetoka wapi? Anayetembea barabarani alfajiri na ndoo ya vitumbua kichwani humu ndani ni nani, ni wewe? Kwenye hadithi hii wewe si Giannis. Giannis ni bi mkubwa.

Kimya. Hata Anko akatazama chini.

Msomaji wangu, hapo nilitaka kuishia. Lakini ulimi ulikuwa mwepesi, nikayasema na yale ambayo miaka yote nilikuwa nimeyafungia kabatini. Nikawaambia kwamba mwaka wangu wa kidato cha nne mimi niliikacha moko. Nilitoka nyumbani na sare, nikaenda kufanya mazoezi na kikundi cha muziki kilichokuwa kimeniahidi makubwa. Kikundi hakikufika hata miezi sita. Matokeo yangu ya mwisho unayaona. Naipenda kazi hii ya kuandika, lakini nalipwa kwa makala, na wiki nisipoandika nakopa nauli. Bi mkubwa siku zote alijua nilifeli kwa malaria.

Akaniangalia muda mrefu. Nikajua makofi yanakuja, na ukubwa huu! Badala yake akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Huyo wa Ugiriki. Hela zake za kwanza alizifanyaje?"

Bahati nzuri nilikuwa nalo jibu. Nikamsimulia. Msimu wake wa kwanza Milwaukee, mwaka 2013, Giannis alikwenda kutuma hela kwa wazazi wake waliokuwa bado Ugiriki. Akatuma zote. Alipotoka nje akagundua hakubakiza hata nauli ya teksi, na siku hiyo ana mechi. Baridi ya kule si kama ya Juni yetu hapa. Akaanza kukimbia kwa miguu kuelekea uwanjani, mpaka mtu na mkewe waliokuwa wakipita na gari wakamtambua na kumpakia.

Bi mkubwa akafuta mikono kwa upindo wa kanga. "Basi," akasema, "huyo ndiye mkali."

Anko akafungua mdomo, akaufunga. Dogo akaanza kutabasamu, lakini tabasamu halikumaliza safari.

"Na wewe," bi mkubwa akamwambia, "moko utafanya. Kambini nitakwenda mimi kuongea na huyo kocha wako. Kama anakutaka kweli, wiki mbili zitamshinda kungoja? Na kama hazimngojei mtoto mtihani, huyo anataka urefu wako, hakutaki wewe."

Filimbi ikalia. Hakuna rufaa.

Jumanne alikwenda kweli, kajifunga kanga yake mpya, vitumbua siku hiyo akavikabidhi kwa jirani. Kocha alimsikiliza, akampa kiti na soda, akasema atafikiria. Mpaka naandika haya, jibu halijatoka. Inawezekana nafasi ikapewa kijana mwingine, na Dogo anajua hivyo. Jana usiku nilimkuta uani, mwanga wa simu, daftari la Baiolojia gotini, mpira umewekwa chini ya kiti. Nikamuuliza inakwendaje.

"Inakwenda hivyo hivyo," akasema. "Lakini kaka, Hakeem na ule mgeuko wake... alianza na mguu upi?"

Nikamwonyesha. Wa kushoto ndio unaodanganya, wa kulia ndio unaokwenda. Nikateleza, nikaanguka kwenye beseni la vyombo, nyumba nzima ikaamka.

Hayo ndiyo ya kwangu wiki hii. Jumatatu Dogo anaingia chumba cha mtihani, nawe muombee. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na kama una dogo kama huyu nyumbani, usimfokee. Mkalishe mkekani, mwache abishe, ila wali msiuache upoe.